Nakala Inayoruka Kama Asili: Kuijenga Upya Scout ya Ngomeni Ndani ya Mchezo wa Kompyuta

Mheshimiwa Mwenyekiti, waheshimiwa walimu, wazazi mliofuatana na watoto wenu, na nyinyi vijana mliojaa ukumbini humu, nawasalimu nyote kwa heshima.

Nimeombwa nizungumze juu ya ujenzi wa nakala za roketi za kweli ndani ya michezo ya kompyuta inayoiga safari za angani. Uwanja huo ni mpana, kwa hiyo nitachukua mchezo mmoja, Kerbal Space Program, na roketi moja, Scout. Hii ni roketi ya Kimarekani iliyorushwa mara tisa, kati ya mwaka 1967 na mwaka 1988, kutoka jukwaa la San Marco lililosimikwa baharini mbele ya kijiji cha Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Ni jirani yetu, na hilo peke yake lingetosha kuichagua. Lakini ninayo sababu nyingine iliyo nzito zaidi: Scout ni roketi ndogo, nyembamba, yenye hatua nne, yaani sehemu zinazowaka na kuachwa moja baada ya nyingine, zote zikitumia fueli yabisi tupu, isiyo ya kimiminika, na roketi ya aina hiyo huumbua upesi nakala yoyote iliyojengwa kwa kuangalia picha peke yake. Wengi wetu tukitaka kujenga nakala hukimbilia Saturn V, roketi iliyopeleka watu Mwezini, kwa sababu inapendeza machoni na kila mtu anaitambua. Mimi nasema anayetaka kujua kama kweli ni mjenzi wa nakala na ajaribu Scout, kwa kuwa nakala hupimwa inaporuka, na Scout haina mahali pa kuficha kasoro.

Niwaeleze kwanza wasioujua mchezo wenyewe. Kerbal Space Program ulibuniwa na Felipe Falanghe katika kampuni ya Squad, jijini Mexico, kampuni ambayo shughuli yake ya awali ilikuwa masoko na matangazo, si michezo. Toleo la kwanza lilifikia wachezaji mwaka 2011, na toleo lililohesabiwa kuwa kamili likatoka Aprili 2015. Mchezaji hupewa karakana yenye vipande, yaani matangi, injini, mapezi, viunganishi na vyumba vya marubani, akaviunganisha apendavyo, kisha akakirusha chombo chake kutoka sayari ya kubuni iitwayo Kerbin. Tarehe ya 2015 si ya kupita tu, kwa sababu kabla ya toleo lile mchezo ulikadiria ukinzani wa hewa kwa kufuata uzito wa kipande bila kujali umbo lake. Matokeo yake ni kwamba kofia iliyochongoka, ambayo katika ulimwengu wa kweli hupunguza ukinzani, ndani ya mchezo ilikuwa ikiuongeza. Wakati huo umbo la nakala lilikuwa pambo. Tangu 2015 umbo limekuwa na kazi, na kwa wanaotaka hesabu kali zaidi ipo modi, yaani nyongeza ya mchezo iliyotengenezwa na wachezaji wenyewe, iitwayo Ferram Aerospace Research, inayokokotoa jinsi hewa inavyopita juu ya chombo kizima badala ya kipande kimoja kimoja.

Sasa tuje kwenye tatizo linalowashinda wengi kabla hata hawajagusa kipande cha kwanza. Kerbin ina nusukipenyo cha kilomita 600, wakati Dunia yetu ina kilomita 6,371. Hata hivyo nguvu ya mvutano juu ya uso wa sayari hizi mbili ni ileile. Ukipiga hesabu utaona kwamba sayari ndogo kiasi hicho, ili ivute kwa nguvu hiyo, ingebidi iwe na msongamano karibu mara tatu ya ule wa dhahabu; hakuna mwamba wala metali tuijuayo inayoweza kuijenga. Waliobuni mchezo walifanya hivyo kwa makusudi, ili safari ya kufikia obiti, yaani njia ya kuizunguka sayari, iwe ya dakika chache na mchezaji asichoke. Lakini athari yake kwa mjenzi wa nakala ni kubwa. Kuzunguka Kerbin katika obiti ya chini kunahitaji kasi ya takriban mita 2,300 kwa sekunde, na ukijumlisha hasara za kupambana na hewa na mvutano, roketi huhitaji uwezo wa kubadili kasi wa kama mita 3,400 kwa sekunde. Duniani kasi ya obiti inakaribia mita 7,800 kwa sekunde, na jumla ya mahitaji, hasara zikiwemo, hufikia karibu 9,400. Kwa hiyo nakala yenye uzito na fueli ya kweli, ikirushwa kutoka Kerbin, haitaishia kwenye obiti. Itakuwa na nguvu ya kutosha kuuacha kabisa mvutano wa sayari hiyo na kuelekea kwenye sayari nyingine, jambo ambalo Scout ya Ngomeni haikukusudiwa kulifanya.

Ili kusawazisha mambo, mchezo umefanya vipande vyake kuwa vizito na dhaifu kuliko vya kweli. Tangi la kawaida la mchezo, likijaa, lina uzito mara tisa ya lilivyo tupu, wakati hatua ya kwanza ya Saturn V, injini zake tano zikiwemo, ilikuwa na uzito wa takriban mara kumi na saba ya ilivyokuwa tupu. Injini kubwa iitwayo Mainsail husukuma kwa nguvu iliyo mara ishirini na tano ya uzito wake, na injini ya kweli ya F-1, iliyotumika kwenye hatua hiyo ya Saturn V, ilizidi mara themanini. Basi anayekuja kwetu akijivunia kwamba nakala yake imebeba fueli tani kwa tani kama ya asili, huku ameijenga kwa vipande vya kawaida na kuirusha kutoka Kerbin, amechanganya vipimo vya ulimwengu mmoja na sheria za ulimwengu mwingine.

Njia za kutoka hapo zipo, nami ninayo niipendayo. Ya kwanza ni kupunguza kila kitu kwa uwiano mmoja. Wajenzi wengi wamezoea takriban asilimia 64 ya ukubwa wa kweli, na uwiano huo haukuokotwa njiani: kapsuli ya Apollo, ambayo kwa kweli ilikuwa na kipenyo cha mita 3.9, ikipunguzwa hivyo inaingia sawasawa kwenye mita 2.5, kipimo cha kapsuli ya watu watatu iliyomo ndani ya mchezo. Modi kubwa ya roketi za kihistoria za Marekani, Bluedog Design Bureau, imefuata mkondo huo, na Scout imo ndani yake. Wanaoitumia mara nyingi huikuza na Kerbin yenyewe mara mbili na nusu, ili roketi zisiwe na nguvu za ziada. Njia nyingine ni kuiacha Kerbin kabisa, ukaweka modi ya Real Solar System inayoleta Dunia, Mwezi na sayari zetu kwa ukubwa wake halisi, pamoja na Realism Overhaul inayozipa injini na matangi uzito, msukumo na fueli za kweli. Mimi ni wa njia hii ya pili. Ni ngumu, huichosha kompyuta, na mwanafunzi mwenye mashine ya kawaida ataisubiri mpaka asinzie. Lakini ndiyo peke yake ambamo tarakimu zilizoandikwa kwenye nyaraka za zamani unaweza kuziingiza jinsi zilivyo. Asiye na mashine ya kuihimili na atumie ile ya kwanza bila kuona haya, mradi aseme wazi ametumia uwiano gani.

Turudi kwenye Scout. Hatua zake nne zilipewa majina ya nyota: Algol chini, kisha Castor, Antares, na Altair juu. Urefu wake wote ulikuwa kama mita 23. Scout B, iliyotumika katika safari nyingi za Ngomeni, ilikuwa na uzito wa takriban tani 18 siku ya kuondoka, na setilaiti iliyoibeba haikufika hata asilimia moja ya uzito huo. Algol ilikuwa na kipenyo cha kama mita 1, Castor sentimita 79, na Altair kama nusu mita. Ndiyo maana ukiitazama unaona inakonda kuelekea juu, ikiwa na mabega madogo pale kipenyo kinapopungua.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini kitu chembamba namna hiyo kigawanywe mara nne. Jibu limo katika kanuni aliyoichapisha Konstantin Tsiolkovsky mwaka 1903, na hapa naomba mnivumilie kidogo, kwa sababu bila hesabu hii mjenzi wa nakala hufanya kazi gizani. Kanuni inasema kwamba kasi ambayo roketi huipata inategemea mambo mawili: kasi ya gesi inayotoka nyuma, na uwiano kati ya uzito wa roketi kabla ya kuunguza fueli na uzito wake baada ya kuunguza. Chukueni gesi inayotoka kwa mita 2,600 kwa sekunde, kadirio la haki kwa fueli yabisi, na safari inayodai mita 9,400. Kanuni itakuambia kwamba uzito wa kuondokea uwe karibu mara 37 ya uzito wa mwisho. Hakuna ganda la chuma wala la nyuzi za kioo linaloweza kubeba fueli mara 36 ya uzito wake pamoja na mzigo. Lakini ukigawanya kazi hiyo kwa hatua nne, kila moja inahitaji uwiano wa kama mbili na nusu tu, kwa kuwa mbili na nusu ikizidishwa kwa yenyewe mpaka ziwe nne hutoa 39. Hatua nne za Scout zimetokana na hesabu hiyo, na kila unapoamua kuziunganisha mbili kuwa moja ili kurahisisha kazi, unaivunja roketi hata kama kwa mbali inaonekana ileile.

Hapo ndipo vipande vya kawaida vya mchezo vinapoanza kutuangusha. Vipenyo vya mota ndogo za fueli yabisi ni viwili tu, mita 1.25 na mita 0.625. Ukijenga Scout kwa ukubwa wake kamili utapata roketi yenye bega moja tu. Ukiipunguza kwa asilimia 64, Algol inaangukia karibu kabisa kwenye mita 0.625, na huna kipenyo kidogo zaidi cha kuwapa Castor na wenzake. Kwa hiyo Scout ya vipande vya kawaida haiwezekani bila modi ya kubadili ukubwa wa vipande. Nasema hivyo nikijua kuna mafundi hodari watakaobisha, maana wapo wanaounda maumbo ya ajabu kwa kupachika vipande ndani ya vipande. Kazi yao ni ya sanaa nami naistahi, ila roketi iliyobeba vipande mia visivyo na kazi huwa na uzito usiokuwapo katika asili.

Mota za fueli yabisi zina tabia moja ambayo mchezo wa kawaida umeilainisha. Ukishaziwasha huwezi kuzizima, wala kuzipunguza. Hilo mchezo unaliheshimu. Lakini mota ya kweli haisukumi kwa nguvu moja toka mwanzo hadi mwisho. Msukumo hupanda na kushuka kufuatana na umbo la uwazi uliochongwa katikati ya fueli, kwa sababu eneo linaloungua hubadilika kadiri moto unavyokula kuelekea pembeni. Realism Overhaul huiga kupanda na kushuka huko, na tofauti yake huonekana mara moja: roketi hupata mshtuko mkubwa wa kasi karibu na mwisho wa kuungua, ganda likiwa jepesi na msukumo bado upo, na kiunganishi ambacho kwenye mchezo wa kawaida kilishika bila taabu huanza kuyumba.

Sasa nifike kwenye jambo linalonikera kuliko yote, nalo ni magurudumu ya mzunguko. Katika Kerbal Space Program karibu kila kapsuli na kila kompyuta ya chombo imefichwa ndani yake gurudumu linalogeuza chombo upande wowote kwa nguvu isiyo na kiasi, bila kutumia fueli, mradi umeme upo. Setilaiti za kweli zina vifaa vya namna hiyo, lakini ni dhaifu mno na haviwezi kuelekeza roketi ya tani nyingi inayopasua hewa. Scout haikuwa na kitu hicho. Hatua ya kwanza iliongozwa na ncha za mapezi yake, pamoja na vibamba vilivyowekwa ndani ya mkondo wa gesi ya moto. Hatua ya pili na ya tatu ziligeuzwa na vipulizi vidogo vya haidrojeni peroksaidi. Na hatua ya nne haikuongozwa kabisa. Ilizungushwa kwa kasi juu ya mhimili wake kabla ya kuachiliwa, kama pia ya watoto inayosimama wima kwa sababu inazunguka, kisha ikawashwa ielekee kule ilikoelekezwa tayari. Nakala ya Scout ambayo mwenyewe hajazima magurudumu hayo, mimi siihesabu kuwa nakala. Yazime yote kwenye karakana, na utaona jinsi roketi uliyoidhani tulivu inavyopinduka kwenye sekunde za mwanzo, kwa sababu mapezi uliyoyaweka kwa kufuata picha ni madogo mno, au kitovu cha uzito kimeshuka chini kuliko kinavyopaswa. Kasoro zote hizo zilikuwapo tangu mwanzo. Gurudumu lilikuwa likizifunika.

Uongozaji nao una siri yake. Scout ilikuwa na jairo, vifaa vya kupima jinsi roketi inavyogeuka, zilizofungwa kwenye mwili wake, na saa iliyopangwa kabla ya safari, nayo ilifuata ratiba: kwa sekunde kadhaa inama kwa kiwango hiki, kisha kwa kiwango kile, kisha tulia. Haikuwa na kompyuta ya kukokotoa upya njia kama mota moja iliungua kwa nguvu kidogo zaidi au pungufu. Wachezaji wengi siku hizi hutumia modi ya MechJeb, rubani wa kujiendesha ambaye husahihisha kila kosa njiani, na setilaiti huingia kwenye obiti ya duara safi. Matokeo yanapendeza, lakini Scout haikuruka hivyo. Ninachopendekeza ni modi ya kOS, inayomwezesha mchezaji kuandika programu ya kuongoza chombo. Andika humo ratiba ya kuinama na saa, basi, wala usiongeze mstari wa kusahihisha. Programu kama hiyo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaiandika jioni moja. Kazi ngumu ni kuipata ratiba yenyewe, ambayo inategemea uzito na msukumo wa kila hatua.

Katikati ya safari kuna kimya ambacho wasiojua hukidhani ni hitilafu. Hatua tatu za kwanza huungua haraka haraka, Algol chini ya dakika moja na nusu, na mbili zinazofuata kila moja chini ya dakika. Kisha roketi hupaa kwa dakika kadhaa bila mota yoyote kuwaka, ikipanda kwa mwendo iliokwisha kuupata, mpaka inapokaribia kilele cha njia yake. Hapo ndipo Altair huwashwa. Anayeiwasha mapema, kwa hofu kwamba chombo kinaanza kuanguka, hupata obiti ndefu ambayo upande wake wa chini unagusa angahewa.

Imebaki Ngomeni yenyewe, kwa sababu mahali pa kurushia ni sehemu ya nakala. Jukwaa la San Marco lipo karibu nyuzi tatu kusini mwa ikweta. Profesa Luigi Broglio wa Italia na wenzake waliochagua bahari ile walipata faida mbili. Moja ni msukumo wa bure wa mzunguko wa Dunia, ambao karibu na ikweta hufikia kama mita 465 kwa sekunde kuelekea mashariki. Nyingine ni kubwa zaidi: setilaiti inayotakiwa kuzunguka juu ya ikweta, ikirushwa kutoka Cape Canaveral kwenye nyuzi 28 na nusu kaskazini, lazima igeuze mwelekeo wa obiti yake baadaye, na kugeuza huko kunagharimu karibu mita 3,700 kwa sekunde, mzigo ambao roketi ndogo kama Scout haiwezi kuubeba. Ndani ya mchezo wa kawaida faida hiyo haionekani kabisa, maana kituo cha Kerbin kipo juu ya ikweta na mchezaji huipata bila kuilipia. Katika Real Solar System vituo ni vingi. Ichukueni Scout ileile, irusheni kwanza kutoka Cape Canaveral na setilaiti ileile, kisha kutoka kituo cha karibu na ikweta, na mtaelewa kwa nini Marekani ilileta setilaiti zake mpaka Kenya.

Setilaiti ninayopendekeza kwa jaribio hilo ni Uhuru. Ilirushwa kutoka San Marco tarehe 12 Disemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, na jina lake likatokana na siku hiyo. Ilikuwa na uzito wa takriban kilo 140, na ilikuwa setilaiti ya kwanza iliyotengwa kwa ajili ya kuchunguza mionzi ya eksirei itokayo angani. Orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339, na Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti huo, akapata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002. Obiti ya ikweta ilikuwa na maana kwa vifaa vyake, kwa sababu iliiepusha na sehemu kubwa ya eneo la Atlantiki ya Kusini ambako chembe zenye nishati kali hushuka chini na kuvuruga vipimo.

Obiti hiyo inajulikana: upande wa chini kama kilomita 520, upande wa juu kama kilomita 560, na mwinamo, yaani pembe kati ya obiti na ikweta, wa nyuzi 3. Hicho ndicho kipimo cha nakala yenu. Irusheni kwa ratiba iliyofungwa, magurudumu yakiwa yamezimwa, kisha msome obiti mliyoipata. Ikiwa upande wa chini umeshuka mno, anzeni kuchunguza wakati wa kuwasha Altair kabla ya kugusa uzito wowote. Ikiwa obiti nzima ipo juu mno, angalieni uzito wa maganda matupu, kwa sababu hapo ndipo wajenzi wengi huhesabu pungufu. Kilo kumi zilizosahauliwa kwenye hatua ya nne huonekana kuliko kilo mia kwenye ya kwanza. Na ikiwa mwinamo umepotoka, tazameni mwelekeo wa jukwaa na sekunde za mwanzo za ratiba, kabla roketi haijapata kasi. Faili ya ratiba yangu ya kOS ipo kwenye kompyuta iliyo mezani hapa mbele, na yeyote anaweza kuinakili na kuikosoa. Ndugu Mwenyekiti, nipo tayari kwa maswali.